Mahakama za dawa za kulevya Marekani: maswali ambayo familia zetu huniuliza

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mkalimani wa Kiswahili katika mahakama za jimbo moja la Marekani. Wanaonipigia simu usiku ni mama, shangazi, kaka mkubwa, wakati mwingine mchungaji au imamu. Kijana kakamatwa na unga au na vidonge, wakili kasema kuna "mahakama nyingine" anaweza kupelekwa, na karatasi inasubiri saini kesho asubuhi. Maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa nikayajibu kwa urefu ambao korido ya mahakama hainipi. Mimi si wakili wala daktari. Pale panapotaka wakili nimesema hivyo, na naomba mlichukulie kwa uzito.

Hiyo mahakama ya dawa za kulevya ni mahakama gani?

Ni kikao maalumu ndani ya mahakama ya kawaida. Mtu ambaye kosa lake limetokana na uraibu, kwa mfano kakutwa na dawa, au kaiba ili apate ya kununulia, haendi moja kwa moja gerezani. Anawekwa kwenye matibabu kwa mwaka mmoja, mwaka mmoja na nusu, hata zaidi, na jaji mwenyewe ndiye anayefuatilia. Anapimwa mkojo, anahudhuria ushauri nasaha, anarudi mbele ya jaji yule yule mara kwa mara. Akimaliza, kesi hufutwa au adhabu hupunguzwa, kulingana na alichosaini mwanzoni. Akiondolewa, anarudi kwenye kesi yake na kifungo kinamsubiri.

Ya kwanza ilianza Miami, Florida, mwaka 1989. Magereza ya pale yalikuwa yamefurika watu wa kokeini: wanafungwa, wanatoka, baada ya muda mfupi wamerudi na kosa lile lile. Jaji Herbert Klein alipewa kazi ya kutafuta njia nyingine, Janet Reno aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa eneo hilo akaunga mkono, na jaji wa kwanza kuketi akawa Stanley Goldstein. Leo mahakama hizi ziko katika majimbo yote 50, kwa maelfu, na Kanada ilianza yake Toronto mwaka 1998. Siku hizi nyingi hujiita mahakama za matibabu, kwa hiyo mkiona jina hilo kwenye karatasi msishtuke, ni kitu kile kile. Zina ndugu zake pia: za askari waliostaafu, iliyoanza Buffalo, New York, mwaka 2008, za wazazi walionyang'anywa watoto kwa sababu ya dawa, za wanaoendesha gari wakiwa wamelewa.

Ina tofauti gani na kifungo cha nje?

Kwenye kifungo cha nje cha kawaida mtu ana afisa mmoja wa uangalizi, naye afisa ana watu wengi wa kuwatazama. Jaji anasikia habari za mtu huyo siku mambo yameharibika tu.

Hapa kuna timu. Kabla ya kikao kuanza, wanakaa chumbani: jaji, mwendesha mashtaka, wakili wa utetezi, mshauri kutoka kliniki, afisa wa uangalizi, mratibu, mara nyingine na polisi. Wanapitia jina moja moja. Huyu kakosa miadi miwili. Huyu kapata kazi. Huyu mama mwenye nyumba kamtoa, analala kwenye gari, tumpatie wapi pa kulala kabla hatujamlaumu kwa kuchelewa? Nimeshaingia kwenye vikao hivyo, na hilo swali la mwisho ndilo lililonifanya niheshimu kazi hii.

Lakini jambo moja mlijue. Wakili wa mtu wenu anakaa meza moja na mwendesha mashtaka, na wote wanasema lengo lao ni moja. Mambo yakienda vizuri, hiyo ni faida. Mtu wenu akikaribia kuadhibiwa au kuondolewa, ana haki ya wakili anayesimama upande wake peke yake, na ni vizuri amuulize wakili wake swali hilo kabla hajaingia.

Tumeambiwa atapewa "wakili wa serikali". Huyo si ndiye anayemshtaki?

Swali zuri, na sisi Watanzania ndio tunaochanganyikiwa zaidi, maana kwetu Wakili wa Serikali ndiye anayeendesha mashtaka. Huku asiye na uwezo hupewa wakili wa utetezi anayelipwa na umma, na kazi yake ni kumtetea mshtakiwa. Anachoambiwa na mtu wenu ni siri. Nimeona kijana kutoka Kigoma akikaa kimya wiki tatu nzima mbele ya wakili wake kwa kuogopa neno hilo moja.

Na kuna neno jingine linalotutesa. Kliniki za huku humwita mgonjwa "mteja", kama dukani. Mkalimani akilitamka hivyo mbele ya kijana wa Mombasa au Dar es Salaam, kijana anasikia "teja", tusi la mtaani. Nilifanya kosa hilo siku yangu ya kwanza, nikamwona akiinamisha kichwa. Tangu hapo nasema "mshiriki". Mkisikia mkalimani anateleza hapo, msahihisheni. Wenzetu wa Kongo nao waseme mapema kama wamezoea "avoka" (wakili) na "zuzi" (jaji). Mkalimani mzuri hatawacheka, atawafuata.

Mkalimani tunamlipa sisi?

Katika kesi ya jinai, hapana. Ombeni mapema, kwa maandishi ikiwezekana, na mtaje ni Kiswahili cha wapi. Ombeni pia kwa ajili ya kliniki, maana ndipo panaposahaulika. Mtu anaweza kuwa na mkalimani kwa dakika tano za jaji halafu akakaa kwenye kikundi cha ushauri saa moja na nusu bila kuelewa kitu. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza taasisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na lugha huingia humo.

Msimtumie mtoto. Kuna binti wa miaka 13 niliyemkuta akimtafsiria daktari jinsi baba yake anavyojidunga. Hakuna mtoto anayepaswa kuyabeba maneno hayo mdomoni mwake.

Jaji anauliza nini kwenye hivyo vikao?

Hapa ndipo penye moyo wa jambo lote, kwa hiyo mnivumilie.

Mwanzoni mtu hufika mbele ya jaji kila baada ya wiki mbili hivi, baadaye mara moja kwa mwezi. Viwango vya kitaifa vya mahakama hizi vinashauri jaji azungumze na kila mmoja angalau dakika tatu. Dakika tatu ni chache kwenye saa, lakini ni nyingi kwa mtu ambaye maisha yake yote jaji hajawahi kumtazama usoni.

Namkumbuka kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha kuku, mama yake akiwa bado kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Alikuja amechoka, vidole vimepasuka kwa baridi ya kiwandani, amejiandaa kugombezwa kwa sababu alichelewa kipimo. Jaji akaanza na swali jingine: "Mama yako kule Nakivale, ile homa imeisha?" Kijana alikuwa amelitaja hilo mara moja tu, mwezi mmoja na nusu nyuma. Akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, "Amekumbuka?" Mkalimani hamezi neno, kwa hiyo nikalitamka kwa Kiingereza kama lilivyo. Jaji akainua daftari lake akamwonyesha ukurasa. "Niliandika," akasema.

Kisha wakaongea habari ya kuchelewa. Jaji hakuipuuza, alimpa saa nne za kazi ya kujitolea. Lakini kijana alitoka amesimama wima, na katika miezi iliyofuata sikumsikia akichelewa tena.

Kwa yote niliyoyaona, nguvu ya mahakama hii iko hapo: mtu mmoja mwenye mamlaka, yule yule kila mara, anayekumbuka jina lako na la mama yako. Mahakama inayobadilisha majaji kila baada ya miezi michache hupoteza kitu hicho. Mkipata nafasi ya kuuliza swali moja kabla ya kuingia, ulizeni: jaji huyu ameketi hapa muda gani, na ataendelea kuwepo?

Kwa nini kila asubuhi anapiga simu kusikiliza rangi?

Ni mfumo wa vipimo vya kushtukiza. Kila mshiriki hupewa rangi au namba. Alfajiri anapiga simu, sauti iliyorekodiwa inataja rangi za siku hiyo, na ikitajwa yake lazima afike kutoa mkojo ndani ya saa zilizowekwa. Kwa kawaida inamwangukia angalau mara mbili kwa wiki, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Kukosa kufika huhesabiwa kama amekutwa na dawa, hata kama hajatumia chochote.

Yanayowaangusha watu wetu hapa mara nyingi hayahusiani na dawa. Mtu hana gari na basi halipiti Jumapili. Bosi hamruhusu kutoka. Simu imeisha salio. Yasemeni kwa afisa kabla hayajatokea, kwa sababu timu ikijua mapema hutafuta njia, na ikijua baadaye husikia kisingizio.

Kunywa maji mengi ili "kusafisha" ni kosa kubwa. Maabara hupima pia kama mkojo umezimuliwa, na uliozimuliwa huhesabiwa kama jaribio la kudanganya. Dawa ya kusukutua mdomo yenye alkoholi iepukwe, maana kipimo cha pombe kinachotumika huku ni kikali na hunasa mabaki kwa siku kadhaa. Na mjue kwamba mtu wa jinsia yake husimama akimtazama anapotoa mkojo. Kwa waliolelewa kama tulivyolelewa, hilo ni fedheha. Mwambieni mapema ajue linakuja. Nimesimama nje ya mlango ule mara nyingi nikimsikia mzee wa watu akisema "Astaghfirullah" kwa sauti ya kukatika.

Akiteleza akatumia tena, atafungwa?

Si lazima, na mahakama nzuri haitaanzia hapo.

Uraibu ni ugonjwa wa ubongo unaorudi. Kwa mtu ambaye mwili wake umeshatekwa, kuacha ni jambo la mbali. Kufika kwenye miadi na kusema ukweli ni jambo lililo karibu, analoweza leo. Mahakama zinazofuata viwango hutenganisha mambo hayo mawili. Katika miezi ya mwanzo, akikutwa ametumia, jibu linalofaa ni kuangalia tiba: je, dozi inatosha, anahitaji kulazwa, kikundi alichomo kinamfaa? Adhabu huwekwa kwa kukosa kuja, kukimbia, kughushi kipimo. Uongo ndio unaowakera majaji kuliko chochote. "Nilitumia Jumamosi, Mheshimiwa, naomba msaada" ni sentensi iliyowaokoa watu wengi niliowatafsiria.

Adhabu hupanda kwa ngazi: kuonywa, kuandika maelezo, kazi za kujitolea, kuripoti mara nyingi zaidi, kisha siku chache mahabusu. Viwango vinashauri siku hizo zisizidi tatu hadi sita, kwa sababu zaidi ya hapo mtu hupoteza kazi na nyumba, nanga zilizokuwa zikimshika.

Upande wa pili kuna tuzo, na tuzo zinatakiwa ziwe nyingi kuliko adhabu. Wataalamu hutaja nne kwa moja. Makofi ya ukumbi mzima, kuitwa wa kwanza ili awahi kazini, ruhusa ya kusafiri kwenda harusini. Mkiwa mmekaa nyuma mtaona ni vitu vidogo. Angalieni uso wake.

Hana uraia wa Marekani. Asaini?

Asisaini mpaka azungumze na wakili anayejua sheria za uhamiaji. Ningeweza kuandika sentensi hiyo mara kumi. Mkimbizi, mwenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), mwanafunzi, anayesubiri hifadhi, wote.

Huku kuna sheria mbili zinazotazama kesi moja kwa macho tofauti. Jimbo linasema: umemaliza programu, kesi imefutwa, huna hatia. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, na tangu 1996 ina tafsiri yake yenyewe ya kutiwa hatiani: ikiwa ulikiri kosa, au ulikubali maelezo yanayotosha kuthibitisha kosa, na jaji akakuwekea adhabu au kizuizi chochote cha uhuru wako, basi umetiwa hatiani, hata kesi ikifutwa baadaye. Sasa tazameni mahakama nyingi za dawa za kulevya zinavyofanya kazi: mtu anakiri kwanza, hukumu inawekwa kando, kisha anaingia kwenye tiba. Anatii yote, anahitimu, watu wanapiga makofi, na siku anapoomba uraia au anaporudi kutoka kumzika baba yake Bujumbura, faili linamsubiri uwanja wa ndege.

Kwa makosa ya dawa za kulevya, hata kukutwa na kiasi kidogo kunaweza kumfukuzisha mtu nchini. Sheria inatoa nafasi finyu moja kwa mwenye grini kadi: kosa moja tu la kukutwa na bangi gramu 30 au pungufu kwa matumizi yake mwenyewe. Na kuna kifungu wasichokijua wengi: uraibu wenyewe, bila hukumu yoyote, umetajwa kama sababu ya kufukuzwa. Kwa hiyo hata maneno "mimi ni mraibu" yanayosemwa wazi mbele ya jaji yanatakiwa yajadiliwe na wakili kwanza.

Je, mtu asiye raia afunge mlango huu kabisa? Hapana. Baadhi ya mahakama humpokea mtu kabla hajakiri chochote: kesi inasimama, anatibiwa, akimaliza mashtaka yanafutwa, na hakuna mahali alipotamka kosa. Njia hiyo ni salama zaidi. Wakati mwingine wakili huweza kubadilisha kosa lenyewe ili akiri jambo lisilohusu dawa. Hayo yote hufanyika kabla ya saini. Baada yake ni shida kubwa.

Wakili wa utetezi hawezi kusema "hayo ya uhamiaji si kazi yangu". Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky. José Padilla alizaliwa Honduras, alikuwa ameishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, ametumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, akakamatwa na bangi kwenye lori. Wakili wake alimwambia asijali uhamiaji kwa sababu amekaa nchini muda mrefu. Akakiri, na kukiri huko kukamfanya awe wa kufukuzwa. Mahakama ikasema wakili ana wajibu wa kumweleza mteja wake hatari hiyo. Basi taja jina hilo: "Padilla". Mawakili wote wa jinai wanalijua. Kama anaharakishwa asaini leo, aombe kesi iahirishwe ili apate ushauri. Ni ombi la kawaida.

Bangi imeruhusiwa jimboni kwetu. Na miraa je?

Bangi iliyoruhusiwa na jimbo bado ni haramu kwa sheria ya serikali kuu, na uhamiaji unafuata serikali kuu. Kwa asiye raia, hata kufanya kazi dukani kunakouzwa bangi kunaweza kumletea matatizo. Miraa, au mirungi kama tunavyoiita Tanzania, ina kathinoni, na kathinoni iko kwenye kundi moja na heroini katika orodha ya Marekani. Kwamba Kenya ni zao halali la kuuza nje hakumsaidii mtu mbele ya jaji wa huku. Wazee wetu wanaotumiwa vifurushi waambiwe.

Anatumia methadoni. Watamwambia aache?

Wasithubutu, na wakisema hivyo mwiteni wakili.

Kuna dawa tatu zinazotambulika kwa uraibu wa heroini, fentanili na vidonge vya maumivu vya jamii ya afyuni: methadoni, buprenofini na naltreksoni. Mbili za kwanza huondoa arosto na ile njaa ya dawa bila kumlewesha aliyezoea dozi yake. Ya tatu huzuia dawa za kulevya zisifanye kazi mwilini. Kwetu si ngeni. Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni mwaka 2011, na Kenya ikaanza mwishoni mwa 2014. Wengine wenu mmeshuhudia mtu wa Temeke au Kisauni akirudi kuwa baba wa watoto wake kwa kikombe kile kimoja cha kila asubuhi.

Pamoja na hayo, kwa miaka mingi majaji wengi wa huku waliziita dawa hizi "kubadilisha uraibu mmoja kwa mwingine" na kuwalazimisha watu waziache. Watu wamekufa kwa hilo. Aliyekaa miezi bila kutumia, mwili wake umesahau. Akirudia kipimo kile cha zamani, pumzi inazimika. Tangu 2015 mahakama zinazopokea ruzuku ya serikali kuu haziruhusiwi kuwakataa watu kwa sababu ya dawa hizi, na Aprili 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba kumnyima mtu dawa ya uraibu aliyoandikiwa na daktari kunaweza kuvunja sheria ya watu wenye ulemavu. Uamuzi wa dozi ni wa daktari. Jaji hakusomea udaktari, na walio bora kati yao husema hivyo wenyewe.

Nasema pia kwa viongozi wetu wa dini, kwa heshima. Mmewashika mkono vijana hawa wakati ndugu zao wamewafungia milango. Msimwambie mtu aache methadoni ili kuonyesha imani.

Atalazimishwa kwenda vikundi vya kanisani?

Hapana. Vikundi vingi vya kusaidiana hutaja Mungu au "nguvu iliyo juu", na Waislamu wetu huuliza sana hili. Serikali ya Marekani hairuhusiwi kumlazimisha mtu ibada. Lazima wampe chaguo lisilo la kidini akiomba. Baadhi ya mahakama hukubali kikundi cha msikitini kikiwa na mtu anayesaini mahudhurio. Ulizeni.

Ina gharama?

Mara nyingi ndiyo: ada ya programu, vipimo, kliniki. Inatofautiana mno kati ya kaunti na kaunti. Asiye na uwezo aombe kupunguziwa, na asiache kuja kwa sababu ana deni.

Kweli inasaidia, au ni maneno tu?

Inasaidia, kwa kiasi, na si kila mahali. Utafiti mkubwa uliogharamiwa na serikali ya Marekani na kutoka mwaka 2011 ulilinganisha washiriki wa mahakama 23 na watu wanaofanana nao waliopitia kesi za kawaida. Katika mwaka uliotangulia mahojiano ya mwezi wa 18 tangu mahojiano ya kwanza, 56% ya washiriki walikuwa wametumia dawa, dhidi ya 76% ya wenzao. Kipimo cha mate siku ya mahojiano kiliwakuta 29%, dhidi ya 46%. Waliosema wamefanya kosa la jinai walikuwa 40% dhidi ya 53%.

Someni namba hizo polepole. Zaidi ya nusu ya waliosaidiwa waliteleza angalau mara moja. Mama mmoja nilipomwambia hivyo alilia, akidhani namvunja moyo. Nilikuwa namwomba asimfukuze mwanawe nyumbani mara ya kwanza.

Wakosoaji nao wana hoja zenye uzito. Shirika la madaktari la Physicians for Human Rights lilichunguza mahakama hizi na mwaka 2017 likaeleza watu wakinyimwa tiba sahihi, na maamuzi ya kitabibu yakifanywa na wasio madaktari. Mahali pengi weusi hawapati nafasi sawa ya kuingia, na wakiingia hawahitimu sawa na wengine. Tena mtu aliyekamatwa na bangi kidogo, asiye mraibu, akiingizwa humu anapewa mwaka mzima wa masharti asiyoyahitaji, na akiyavunja anaishia kifungo ambacho asingekipata. Mahakama hii imetengenezwa kwa mgonjwa hasa, yule ambaye bila kushikwa hivi angerudi gerezani. Kama mtu wenu si huyo, mwambieni wakili atafute njia fupi zaidi.

Tufanye nini sisi nyumbani?

Mpelekeni mahakamani. Kaeni mstari wa nyuma, jaji atawaona, na mara nyingi atawasalimu. Jueni rangi yake ya simu. Siku ya mshahara msimwache peke yake. Kuhitimu mara nyingi hudai angalau siku 90 mfululizo bila kutumia, na zile wiki za mwisho ndizo ngumu, maana hofu ya jaji inapungua na maisha yenyewe yanaanza kudai.

Na nunueni naloksoni. Ni dawa ya kupulizia puani inayomrudishia pumzi mtu aliyezidisha unga au fentanili, na tangu 2023 huuzwa maduka ya dawa ya Marekani bila cheti cha daktari. Ofisi nyingi za afya za kaunti huigawa bure. Haimdhuru mtu ambaye hakutumia. Mkimkuta haamki, midomo imegeuka rangi, pumzi inakoroma au imekatika, pigeni 911, mpulizeni pua moja, mlazeni ubavu, na kama pumzi haijarudi baada ya dakika mbili au tatu pulizeni ya pili kwenye pua nyingine. Yule mama aliyelia, naloksoni yake iko jikoni, kwenye droo ya viberiti, na watoto wake wote wanne wanajua ilipo.